Je, wajua kwa nini Legionella hupitia bafuni na si kikombeni?

Kampala mtoto hufunzwa mapema kwamba maji huchemshwa kwanza ndipo yanywewe. Baada ya mlipuko wa homa ya matumbo wa mwaka 2015, somo hilo halikuhitaji mwalimu. Kwa hiyo mtu akisikia kuna bakteria wa majini anayeua, mawazo humwendea tumboni: jagi, kikombe, juisi ya barabarani. Kwa Legionella, ambaye ni bakteria wa aina hiyo, mawazo hayo yamekwenda kusiko.

Ukimmeza bakteria huyu, kwa kawaida hakuna kinachotokea. Hatari ni kumvuta kwa pumzi, ndani ya vitone vidogo mno vinavyorushwa na shawa, chemchemi za mapambo hotelini au minara ya kupozea mitambo ya hewa ya majengo makubwa. Kinywaji huwa hatari pale tu mtu anapopaliwa na maji yakaangukia mapafuni, jambo linalowapata zaidi wagonjwa waliolazwa. Hivyo familia inaweza kuchemsha kila tone la kunywa, kisha babu akaoga kwa shawa ya maji vuguvugu yaliyolala siku kadhaa kwenye tangi jeusi juu ya paa, na sufuria isimsaidie chochote. Mvuke wa sufuria yenyewe hauna neno. Maji yanayochemka humuua bakteria.

Ugonjwa anaouleta, ambao ni nimonia kali, ulijulikana mwaka 1976, maveterani wa American Legion, chama cha askari wa zamani wa Marekani, walipokutana katika hoteli moja mjini Philadelphia. Watu zaidi ya 200 waliugua na 34 wakafa. Mwanasayansi Joseph McDade alimpata bakteria miezi michache baadaye, na bakteria huyo akapewa jina la wale maveterani.

Likabaki swali gumu zaidi: kiumbe wa mitoni na mabombani alijifunza wapi kushambulia pafu? Mwaka 1980 Timothy Rowbotham, akifanya kazi Leeds, Uingereza, alionyesha kwamba Legionella huingia ndani ya amiba, kiumbe mdogo wa seli moja, na kuzaliana humo. Amiba humeza bakteria kama chakula. Pafu letu nalo lina seli walinzi ambazo humeza vijidudu kwa namna inayokaribiana sana na hiyo.

Fikiria mzigo uliopakiwa kwenye basi Kampala, umeandikwa Gulu. Seli ikimmeza bakteria humfunga ndani ya kifuko, na kifuko hicho huandikiwa safari moja tu: kwenda kuungana na vifuko vya asidi na vimeng'enya, asagwe. Legionella, akiwa ndani ya mzigo, hutoboa ukuta na kusukuma nje protini zake, zaidi ya aina 300. Baadhi yake hufuta Gulu na kuandika Mbarara. Utingo wa seli hasomi kilichomo ndani, husoma anwani, basi mzigo hushushwa mahali pa salama, penye chakula, na bakteria huzaliana mpaka seli ipasuke. Ujanja alioupata kwa amiba unafanya kazi kwetu bila kubadilishwa sana.

Huko majini hustawi kati ya nyuzi joto 20 na 50, hasa karibu na 35. Ushauri wa Ulaya ni kuhifadhi maji ya moto kwenye nyuzi 60 au zaidi na kuweka ya baridi chini ya 20. Nusu ya kwanza inawezekana Kampala. Nusu ya pili, kwa tangi linalopigwa na jua la Ikweta, ni ndoto.

Hilo halithibitishi kwamba Uganda ina wagonjwa wengi. Takwimu zinazotajwa sana, wagonjwa 10 hadi 15 kwa kila watu milioni kwa mwaka, ni za Ulaya, Australia na Marekani, na huko wengi wao wamevuka miaka 50. Uganda ni nchi ya vijana, jambo ambalo huenda likapunguza idadi. Lakini pia ina watu wengi wanaoishi na VVU, na kinga dhaifu huongeza hatari.

Kwa bakteria mwenyewe, pafu la binadamu ni njia isiyo na mtokeo: akishaingia hana pa kwenda, kwa sababu ugonjwa hauenezwi kwa kukoholeana kwenye teksi. Kisa kimoja tu kinatajwa kuwa huenda kilivunja kanuni hiyo. Mwaka 2014, nchini Ureno, mwanamume aliyefanya kazi kwenye minara ya kupozea aliugua, na mama yake aliyemuuguza nyumbani akaugua baada yake, ingawa alikuwa anaishi mbali na minara hiyo.