Kitovu cha pili cha mji ni nini? Tuitazame Mbezi Luis

Kitovu cha pili ni eneo lililo nje ya katikati ya jiji, ambalo watu wa maeneo jirani hulitegemea kwa mambo yaliyokuwa yakiwapeleka mjini: safari za mikoani, hospitali kubwa, benki, soko, kazi. Wingi wa nyumba pekee haufanyi kitovu. Kiunga chaweza kufurika watu na bado kikabaki mahali pa kulala tu, asubuhi daladala zimejaa kuelekea Posta na Kariakoo, jioni zimejaa kurudi. Kinaanza kuwa kitovu pale watu wa kwingine wanapokifuata kwa shughuli zao.

Mbezi Luis, wilayani Ubungo, Dar es Salaam, inaonyesha jambo hili vizuri. Februari 2021 Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilifunguliwa pale, na mabasi ya mikoani yakahamia huko kutoka Ubungo. Abiria wakafuatwa na mama lishe, nyumba za wageni, mawakala wa pesa za simu, bajaji na bodaboda. Mbele kidogo, upande wa Kibamba, kuna Hospitali ya Mloganzila, ambayo nayo huvuta wagonjwa kutoka mbali.

Lakini kwangu mimi, kubwa kuliko stendi ni njia za pembeni. Barabara kuu za Dar, yaani Morogoro, Bagamoyo, Nyerere na Kilwa, zote huelekea katikati ya jiji. Mbezi ina njia ya kwenda Goba upande mmoja, na ya Malamba Mawili hadi Kinyerezi upande mwingine. Mtu wa Goba anafika Mbezi bila kuzunguka Ubungo. Bila njia za namna hiyo, stendi ingebaki mahali pa kubadilishia gari.

Kinachonitia wasiwasi ni ardhi. Sehemu kubwa ya viunga hivi ilijengwa kabla ya kupimwa, kila mtu akinunua kipande chake na kuanza msingi. Kitovu kinapokuja baadaye, soko, mitaro, shule na maegesho hukosa pa kukaa, na gharama humwangukia mkazi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Ndiyo maana maeneo ya umma hupaswa kutengwa na kulipiwa fidia mapema, wakati viwanja vingali na bei nafuu na watu hawajahamia.