Mirihi hakuna Gisenyi

Mimi nachunguza volkano hapa Goma, mashariki mwa Kongo, lakini vijana wakinipata siku hizi wananiuliza habari za sayari ya Mirihi: kweli watu watahamia huko?

Matumaini yapo. Lava ikitiririka, juu huganda mapema huku ndani ikiendelea kwenda. Ile ya ndani ikiisha kupita, linabaki pango refu. Mirihi ina Olympus Mons, volkano yenye kimo cha zaidi ya kilomita 20, na picha za satelaiti zinaonyesha mashimo yanayoelekea kuwa milango ya mapango ya namna hiyo. Paa la mwamba lingewakinga watu na mnururisho, ile miali hatari itokayo angani. Barafu ipo pia. Hata oksijeni imeshatengenezwa huko: kati ya 2021 na 2023 kifaa cha MOXIE kilitoa gramu 122 kutoka hewa ya Mirihi. Mtu mmoja hutumia takriban gramu 840 kwa siku.

Hewa yenyewe ndiyo balaa. Kila mtu wa Goma na Sake anayajua mazuku, ile kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujilaza mabondeni usiku, asubuhi mnakuta mbuzi wamekufa. Mirihi nzima ni mazuku: kaboni dioksidi asilimia 95, tena nyembamba kiasi kwamba mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya ule wa usawa wa bahari. Barakoa ya oksijeni peke yake haikuokoi.

Linalonisumbua zaidi ni jingine. Mei 2021, siku chache baada ya volkano yetu ya Nyiragongo kulipuka, tuliamriwa kuhama. Mamia ya maelfu wakaenda Sake, wengine wakapanda boti, wengine wakavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda. Tuliteseka, ila barabara ilikuwepo, na huko mbele palikuwa na watu wa kutupokea. Mirihi, nafasi nzuri ya safari hupatikana kila baada ya miezi 26 hivi, na njiani ni zaidi ya nusu mwaka. Mashine ya hewa ikiharibika, utamkimbilia nani?

Kwa hiyo wanaotaka tuhamie kule ili kuyakwepa maafa ya Dunia siwaelewi. Lile jiwe lililomaliza dinosaria miaka milioni 66 iliyopita liliiacha Dunia na hewa ya kupumua.

Watafiti waende kwa zamu, nami pango moja ningeingia kwa furaha. Ila makazi ya kwanza yawe mawili, kila moja na mashine zake, na yatenganishwe kwa umbali ambao gari litafika kabla ya oksijeni kuisha.