Je, wajua kwa nini sarafu mbili za Tabora za 1916 zinaweza zisifanane?

Chukua heller 20 mbili za Mjerumani za mwaka 1916 (heller ilikuwa hela ndogo ya Mjerumani alipotawala Afrika Mashariki, mia moja ndo rupia moja), zile zenye herufi T ya Tabora, ziweke pamoja mezani halafu angalia taji tu, mengine achana nayo kwanza. Inawezekana kabisa moja ikawa na taji kubwa na nyingine taji dogo, na zote ni za mwaka uleule, thamani ileile, mji uleule. Wengi wakiona hivyo wanadhani moja ni feki. Hapana, zote halali, ila zimetoka kwenye mihuri tofauti, na kwa wakusanyaji wa sarafu hapo ndo utamu unapoanzia.

Tuanze na hiyo mihuri. Sarafu inapigwa kwa kubana kipande cha madini cha duara katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu mmoja chini, mashine inashuka kwa nguvu na picha inaingia pande zote kwa pigo moja. Muhuri unachongwa kinyume, yaani kilichochimbwa ndani kwenye muhuri ndo kinainuka juu kwenye sarafu. Hilo lishike vizuri, tutalirudia.

Kwenye viwanda vikubwa mihuri yote inatolewa kwenye muhuri mama mmoja, ndo maana heller zilizopigwa Berlin zenye herufi A au Hamburg zenye J zinafanana kiasi kwamba huoni tofauti kwa macho. Na bado huko huko kwa wakubwa mambo yanaharibika. Wamarekani wana senti moja yao ya 1955 ambayo tarehe na maandishi vinaonekana viwili viwili, kisa muhuri wakati unatengenezwa ulibonyezwa zaidi ya mara moja (ndo ilikuwa kawaida, bonyezo moja lilikuwa halitoshi) na mara nyingine ukakaa umejipinda kidogo, basi sarafu elfu ishirini na kitu zikaingia mtaani hivyo hivyo.

Sasa Tabora ilikuwa kesi nyingine kabisa. Vita kuu ya kwanza imepamba moto, Waingereza wamefunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziji tena, na waliopo nchini wanaficha za chuma ndani wakibaki kuzungusha noti za dharura ambazo mtu ukimpa anakuangalia mara mbili. Serikali ya kikoloni ikaamua kupiga sarafu yenyewe, hapo hapo Tabora, kwenye karakana ya reli ya kati. Madini yakatafutwa popote yalipo, maganda ya mizinga, shaba chakavu, kilichopatikana ndo kilichotumika. Mihuri nayo ikachongwa hapo hapo kwa mkono, na muhuri wa kuchonga kwa mkono ukichoka au ukipasuka na fundi akachonga mwingine, ule wa pili hauwezi kuwa pacha wa ule wa kwanza hata fundi awe bingwa vipi. Kazi yote ilikuwa mbio mbio, maana Septemba 1916 Wabelgiji na askari wao wa Kongo waliuchukua mji.

Kwa iyo kwenye heller 20 ya Tabora upande wa taji una sura mbili, taji kubwa na taji dogo, na upande wa namba una sura tatu, na hizi zinajulikana kwa kuangalia zile L mbili za neno HELLER. Angalia mguu wa L, ile sehemu iliyolala chini, mwisho wake. Kuna muhuri ambao L ya pili tu ndo ncha yake imejikunja, kuna muhuri ambao L zote mbili ncha zimechongoka, na kuna ambao zote mbili zimejikunja. Halafu ongeza na madini, maana kuna za shaba nyekundu na kuna za shaba ya njano, ya njano ndo nyingi zaidi. Mihuri hii ilichanganywa, taji hili na L zile, kuna mchanganyiko unaokutana nao kila siku na kuna ambao ulipigwa kidogo sana, na tofauti ya bei kati yao sio ya kitoto.

Heller 5 ya Tabora nayo ina aina mbili, angalia kitako cha taji, kuna kilichonyooka na kuna cha mviringo. Hii ni rahisi, hata kwa simu unaiona.

Ila kuangalia kwenyewe kuna namna yake. Lenzi ya sonara inayokuza mara 10 inatosha, ukikuza zaidi ya hapo unaanza kuona vitu ambavyo havipo. Mwanga utoke upande mmoja na uwe chini, usiwe juu kichwani, ili kila kilichoinuka kitupe kivuli. Hapo sasa ndo ile habari ya muhuri inapokuja kukusaidia. Ukiona mstari kwenye sarafu, jiulize umeinuka au umezama? Kama umeinuka, ulikuwa ufa au mkwaruzo kwenye muhuri, yaani umezaliwa nao, na huenda kuna sarafu nyingine zenye mstari ule ule mahali pale pale. Kama umezama mara nyingi ni kovu tu, sarafu iligongwa, ilichunwa na kisu, ilikanyagwa, na hiyo kwa mkusanyaji ni hasara wala sio toleo adimu. Mtu akikuletea sarafu "yenye kosa la kiwandani", ukimuuliza swali hilo moja tu stori nyingi zinaishia hapo hapo.

Na sarafu iliyochakaa inadanganya. L yenye ncha iliyojikunja ikilika inaonekana kama imechongoka, kwa iyo kwenye sarafu mbovu mimi naanza na taji kwanza, taji ni kubwa na haliliki haraka hivyo, halafu ndo nashuka kwenye L nikiwa na picha ya sarafu nzuri pembeni. Kama bado haieleweki basi iache haieleweki, usilazimishe iwe ile adimu kwa sababu unaitamani.

Kuhusu madini, shaba ya njano ikikaa miaka mia inakuwa kahawia na mtu anaapa ni nyekundu. Chungulia kwenye vipembe karibu na herufi, rangi ya asili huwa imejificha humo. Na tafadhali sana usiisugue na majivu wala ndimu wala dawa ya meno, ukishaisugua umemaliza kila kitu, hata ikiwa ndo ile adimu kuliko zote mnunuzi atakupa bei ya huruma.

Kuna pia ile ya dhahabu, rupia 15, tembo mbele ya mlima Kilimanjaro, dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa kama elfu kumi na sita tu. Nayo ina mihuri tofauti: upande wa pili wenye picha ya ndege tai, kwenye neno OSTAFRIKA, pambo la kulia linaishia chini ya T kwa baadhi, na kwa nyingine linaishia chini ya A ya kwanza. Feki zake zimejaa kila kona, za kumiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa, kwa iyo kabla hujahangaika na pambo zungusha sarafu uangalie ubavuni, ukikuta alama ya maungio imezunguka pembeni, au uso una vitundu vidogo vidogo kama imetoboka toboka, achana nayo. Pima na uzito, halisi ina gramu 7 na pointi kidogo.

Zile meseji za kwamba kuna mzungu ananunua sarafu yoyote ya Mjerumani kwa mamilioni, utume kwanza hela ya usajili, hizo ni utapeli, usijisumbue. Heller 20 ya Tabora ya kawaida sio utajiri, anayelipa vizuri analipia mchanganyiko fulani wa taji na L, na kabla hajakulipa atakuomba picha mbili, moja ya taji na moja ya mguu wa L.