Namba ya Injini Haisemi Lori ni la Mwaka Gani

Juzi imenijia tena. Picha ya ubavu wa injini, tope limepanguswa kwa kidole gumba, na chini yake maneno haya: "Fundi, nimepata Chevrolet la 1949. Angalia namba ya injini mwenyewe." Mara ya ngapi hii, nimeacha kuhesabu. Kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja, na atakayeniletea tena picha ya injini nitamwomba asome hapa kwanza.

Namba ya injini inatoa habari za injini. Basi. Haina habari za chesisi, wala kebini, wala breki, wala difu. Lori la kazi halikununuliwa litunzwe, lilinunuliwa libebe. Injini ikinoki, inashushwa na kupandishwa yoyote inayokaa, maana mzigo unangoja. Mlango ukipondeka, unang'olewa mwingine kwenye lori lililokufa pale nyuma ya gereji. Fanya hivyo miaka sabini, halafu uje uniambie namba moja inajua habari za gari zima!

Najua imani hii ilikotoka, na mwanzoni haikuwa ya kipuuzi. Kwa miaka mingi, majimbo kadhaa ya Marekani yalisajili gari kwa namba ya injini. Kadi na injini vilikubaliana mpaka siku injini ilipobadilishwa. Namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, ile tunayoizoea leo, ilikuja kuwa kanuni huko Marekani kwa magari ya modeli ya 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake na mahali pake pa kuigonga.

Turudi kwenye picha. Kwenye injini ya Chevrolet ya silinda sita za mstari kuna namba za aina mbili, na hapa ndipo watu wanapovuruga kila kitu. Kuna namba zilizotoka na kalibu, yaani zimevimba juu ya chuma kwa sababu zilikuwa kwenye umbo la mchanga chuma kilipomwagwa. Na kuna namba zilizogongwa kwa chapa na nyundo, zimezama ndani, kwenye sehemu iliyosawazishwa karibu na distributa. Pitisha ukucha. Ukikwama juu, ni ya kalibu. Ukizama, ni ya kugongwa. Zile za kalibu zenye tarakimu nyingi ni namba za kipande: kalibu hiyohiyo ilizaa maelfu ya bloku, kwa hiyo hazitofautishi injini moja na nyingine. Mtu akinisomea namba ya kalibu na kuniambia "hii ndiyo namba ya injini yangu", tayari tumepotea njia kabla hatujaanza safari.

Kilichomchanganya bwana huyu kilikuwa kifupi zaidi: C 14 9. Hiyo ni tarehe ya kumwagwa kwa bloku. Herufi ni mwezi, A ni Januari mpaka L ambayo ni Desemba, kwa hiyo C ni Machi. Kumi na nne ni siku. Na 9 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, peke yake. Muongo haukuandikwa. Yeye aliona 9, akaona kebini ya kizamani yenye paa la mviringo, akahitimisha 1949. Lakini 9 ni 1939, ni 1949, ni 1959. Unachaguaje? Unaangalia injini yenyewe, si namba. Injini ya inchi za ujazo 216, iliyokuwa kwenye malori haya ya nusu tani (madogo, ya daraja la kubeba nusu tani) mpaka 1953, ina bamba la ubavuni linalopanda juu mpaka usawa wa hedi na kuzunguka plagi. Ya kwake bamba lilikuwa fupi, limeishia kwenye bloku. Hiyo ni 235 ya baadaye, yenye oili ya presha kamili (pampu inaisukuma mpaka kwenye konirodi), ambayo malori ya Chevrolet yalianza kufungwa 1954. Kwa hiyo bloku ilimwagwa tarehe 14 Machi 1959.

Injini ni ya 1959. Lori si la 1949, na si la 1959 pia.

Mwenzake, fundi anayemsaidia, alikuwa na imani yake tofauti. Yeye aliangalia milango. Ina vile vioo vidogo vya pembetatu vya kufungulia hewa, na vioo hivyo Chevrolet iliviweka kwenye milango ya malori kuanzia 1951. Kishikio ni kile cha kukandamiza chini, si cha kubonyeza kitufe kilichokuja 1952. Kwa hiyo milango ni ya 1951 au jirani yake, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Akaagiza breki shuu na wili silinda za 1951. Hazikukaa. Akaanza kusema zimetengenezwa vibaya, akataka kuzisaga zikae.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na nitakaa nalo kidogo. Breki husimamisha gari, na mtu anataka kusaga kipande ili kikubaliane na mwaka aliouamini. Mpaka 1950 malori haya ya nusu tani yalifungwa breki za mtindo wa Huck. Kuanzia 1951 zikawa Bendix. Mpangilio ndani ya dramu ni tofauti, na vipande havibadilishani. Nilimwambia afungue dramu la mbele, apige picha kabla hajagusa springi hata moja. Akatuma: Huck. Afungue la nyuma: Huck. Propela shafti iko ndani ya bomba, jinsi ilivyokuwa kwenye nusu tani mpaka 1954. Nati za gurudumu sita, na kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma, inchi 116. Chesisi, ekseli na breki vinasema kitu kimoja: nusu tani ya kabla ya 1951.

Ndipo tukaenda kwenye kibati kilichopigwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, upande wa bawaba. Kwa malori ya 1947 hadi 1952, kibati hicho kinaanza na namba ya kiwanda kilipounganishwa, kisha herufi mbili za mfululizo, kisha herufi ya mwezi, A mpaka L kama kwenye bloku, halafu namba ya mfuatano. Chake kina HP. HP ni nusu tani ya 1950. Kibati na breki vimekubaliana, nami nikaandika 1950.

Lakini nisikufiche. Kibati kimefungwa kwenye kebini, na kebini inashikwa na boliti chache tu. Kebini ya 1950 inaweza kukaa juu ya chesisi ya 1948 mchana mmoja ukiwa na winchi na watu wawili wenye nguvu. Ekseli ya nyuma pamoja na bomba lake inaweza kuwa imehamishwa nzima. Ninapoona mbele na nyuma vinakubaliana na kibati, ninaridhika, ila sitakula kiapo. Nimewahi kufanya kazi kwenye lori ambalo chesisi na kibati viligombana mpaka mwisho, nikamrudishia mwenyewe bila kuandika mwaka. Hakufurahi. Afadhali hivyo kuliko kumwandikia uongo.

Wenye malori ya International Harvester wamepata bahati moja: kiwanda kilikuwa na karatasi ya kila lori inayoorodhesha vipande vilivyofungwa, kuanzia injini mpaka difu. Ukiipata, unajua lori lilitoka vipi kiwandani. Kilichofungwa baada ya hapo, hata karatasi hiyo haikijui.

Sasa kufufua. Wengi wanataka nianze hapa. Mimi sianzi hapa, kwa sababu kila kosa la kuwasha linatokana na kosa la kutambua.

Mfano umeme. Lori la 1950 la Chevrolet ni la volti 6, hasi kwenye bodi, yaani waya hasi wa betri umefungwa kwenye bodi. Ford za miaka hiyo pia ni volti 6, lakini chanya ndiyo kwenye bodi, na malori mengi ya Uingereza ya enzi hizo vilevile chanya kwenye bodi. Injini ya 1959 ilitoka kwenye gari la volti 12. Kwa hiyo unapoliona lori hili, huna lori la volti 6 wala la 12. Una injini ya 12 ndani ya waya za 6, na mtu wa katikati aliyeamua lipi libaki na lipi liondoke, naye hayupo wa kuulizwa. Fuata waya mmoja mmoja. Soma dainamo. Soma koili. Taa za volti 6 zikipata 12 zinakufa papo hapo, hilo ni dogo. Kubwa ni stata. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo stata huliuma, ya volti 6 ina meno 139, ya volti 12 ina meno 168, na stata zake hazichangamani. Bwana wetu alikuwa ameshanunua stata ya 1959 "kwa sababu injini ni ya 1959", baada ya kunielewa nusu. Nilimwomba atoe ile ya zamani, aingize tochi kwenye tundu, aweke alama ya chaki kwenye jino moja na kuzungusha kwa mkono huku akihesabu. Alihesabu mara mbili. Meno 139. Fundi wa zamani aliingiza injini mpya lakini akabakiza flaiwili na nyumba yake ya klachi. Stata mpya ikarudi kwenye boksi.

Kabla ya kuhesabu meno ilibidi injini izunguke, na ilikuwa imeshika. Tafadhali usiipige stata, wala usilivute lori kwa gari jingine likiwa na gia. Toa plagi, mimina oili ya gia boksi ya otomatiki iliyochanganywa na asitoni nusu kwa nusu, kisha subiri. Kila jioni jaribu kwa wenzo mrefu kwenye flaiwili, kidogo mbele, kidogo nyuma. Mafundi wengi wanaapia mchanganyiko huo. Mimi nimeona injini iliyolowekwa dizeli tupu kwa wiki tatu ikaachia, na nyingine iliyopewa mchanganyiko ikagoma mpaka tukafungua hedi. Nashuku kinachofanya kazi ni muda, na dawa inasaidia tu.

Ikizunguka, bado usiwashe. Fungua kifuniko cha roka. Zungusha polepole ukitazama kila vali inapanda na kushuka. Kwake vali mbili zilibaki chini, pushirodi (fito zinazosukuma roka) zimelegea unaziviringisha kwa vidole. Angepiga stata pale, angepinda pushirodi au kuvunja mkono wa roka. Mafuta mepesi kwenye shina la vali, gonga taratibu kwa kipini cha mbao, rudia.

Petroli ya tangini iache tangini. Dumu dogo la petroli safi, mbali na egzosi, kwa sababu kwenye injini hii kabureta na egzosi viko upande mmoja. Angalia pia kijiti cha oili: ikiwa oili imepanda na inanuka petroli, dayaframu ya pampu ya mafuta imepasuka na petroli inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mwaga yote kwanza.

Siku ilipowaka alinipigia simu kwa hofu. Geji ya oili imepanda mpaka mwisho, pauni 30 kwa inchi ya mraba, na imeganda hapo. Presha imezidi, injini itapasuka? Haitapasuka. Dashibodi ni ya 1950, na geji yake ilipimwa kwa ajili ya 216, ambayo vijiko vya chini ya konirodi huchota oili na kuipaka, na presha yake ni ndogo kwa asili. Injini ya 1959 inasukuma zaidi ya geji inavyoweza kusoma. Afunge geji inayofika 60. Na mwenye 216 halisi akiona geji inasoma 15 barabarani asihangaike, hiyo ni afya yake.

Breki tulizimaliza mwisho. Masta silinda iko chini ya sakafu ya dereva, kuna kifuniko cha kuifikia ndani ya kebini. Ni njia moja kwa magurudumu yote manne: wili silinda moja ikivuja, pedali inakwenda mpaka chini na hubaki na kitu zaidi ya breki ya mkono. Zote nne mpya, mipira ya mabomba mipya, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Ndani ya mfuniko wa kisanduku cha dashibodi nimemwandikisha kwa rangi nyeupe, ili fundi atakayekuja asianze upya: Kibati na breki 1950, Huck. Milango 1951. Injini 235, Machi 1959. Flaiwili meno 139. Geji 60.