Je, wajua chuma cha kisiwa cha Disko kilitoka wapi?

Mwaka 1870 Adolf Erik Nordenskiöld, mwanajiolojia mzaliwa wa Helsinki aliyefanya kazi Stockholm, alifika Uivfaq, pwani ya kusini ya kisiwa cha Disko, magharibi mwa Greenland. Habari za mahali hapo alizipata kwa wenyeji. Ufukweni alikuta mapande ya chuma, makubwa kwa madogo, lililo kubwa kuliko yote likiwa na uzito wa tani 22 hivi. Hayakuwa mawe ya kuyeyushwa ili yatoe chuma. Yalikuwa chuma chenyewe, tayari kufuliwa kisu.

Jambo hilo ni la ajabu kweli. Ardhini chuma hukaa kimeshikana na oksijeni, na kukitenganisha ni kazi ngumu. Chuma kitupu kwa kawaida hushuka na vimondo, na hiki cha Disko kilikuwa na nikeli, aina nyingine ya metali, ndani yake, kama vimondo. Isitoshe, tangu 1818 nahodha John Ross alikuwa amekutana na Wainuit, wenyeji wa Greenland, huko Cape York, kaskazini zaidi, wenye visu vya makali ya chuma cha kimondo. Nordenskiöld akaamua kwamba mapande yale yameanguka kutoka angani. Mwaka uliofuata meli za Sweden zilikwenda kuyachukua.

Mwanajiolojia wa Denmark, Knud Steenstrup, hakuridhika. Kati ya 1871 na 1880 alirudi Greenland mara kadhaa, akipima pwani, akichora ramani na kukagua miamba tabaka kwa tabaka. Namheshimu sana kwa uvumilivu huo, maana jibu lisingepatikana kwa kulitazama lile pande kubwa peke yake. Mwaka 1872, huko Asuk, kaskazini mwa kisiwa, alikuta chembe za chuma ndani ya basalti, mwamba unaotokana na lava iliyopoa. Zilikuwa zimefungwa katikati ya mwamba ambao haujawahi kusogezwa. Baadaye alikuta kaburi la kale la Wainuit lenye visu vya chuma pamoja na vipande vya basalti yenye chembe hizohizo. Kumbe wenyeji walikuwa wakizitoa mwambani na kuzifua tangu zamani.

Basi chuma kilipatikanaje humo? Miaka milioni 60 hivi iliyopita, miamba iliyoyeyuka ilipanda juu ikapita katika matabaka yenye makaa ya mawe na udongo mweusi uliojaa kaboni. Katika joto lile kaboni iliinyang'anya miamba oksijeni, chuma kikabaki peke yake, kikajikusanya. Ndiyo kazi ya mkaa katika tanuri la mhunzi, ila hapa hakukuwa na mhunzi wala mvukuto. Ni mahali pachache mno duniani ambapo miamba iliyoyeyuka na kaboni vimekutana kwa kiwango hicho.

Mjadala uliendelea kwa miaka, lakini ushahidi wa Steenstrup ndio ulioshinda. Nordenskiöld hakuwa mzembe: vimondo vya Cape York ni vya kweli, na kimoja chenye uzito wa tani 31 hivi kimo katika jumba la makumbusho New York. Tofauti iko kwenye nikeli, ambayo ni nyingi zaidi katika chuma cha angani. Kwa kuipima, wanaakiolojia leo hutambua kama makali ya kisu cha kale cha Greenland yalitoka Cape York au Disko.