Je, wajua kwa nini paka wa Kigoma hupukutika manyoya mwaka mzima?

Wifi yangu hapa Ujiji hawezi kutoka nyumbani kabla hajalikung'uta baibui lake. Analipiga mlangoni, paf, paf, halafu analigeuzia kwenye mwanga: bado limejaa manyoya meupe. "Hivi huyu paka wako haishiwi?"

Haishiwi, na kosa ni la jua.

Kila unywele wa paka una umri wake. Huota, hutulia, kisha huchomoka kumpisha mwingine. Ratiba hiyo huongozwa zaidi na urefu wa mchana kuliko joto. Usiku unapokuwa mrefu, ubongo wa paka hutoa homoni ya melatonini kwa muda mrefu zaidi, na kwa njia hiyo mwili hutambua majira. London, mchana wa Juni hupita saa 16, wakati ule wa Desemba haufiki saa 8. Ndiyo maana paka wa huko anayelala nje hubadili koti kwa msimu: baridi ikiisha, lile zito humvuka kwa wingi.

Sisi tuko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Jua la Kigoma huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, na tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima ni kama nusu saa. Paka wetu hapati dalili ya kubadili koti, basi kila unywele huondoka kwa wakati wake, leo huu, kesho ule. (Hata paka wa Ulaya anayeshinda ndani kwenye taa za umeme huwa hivyohivyo.)

Majirani husema dagaa ndio wanaomponza. Lishe duni kweli huzidisha kupukutika, ila huyu anakula vizuri kuliko mimi.

Sasa kwa nini baibui? Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyopangana kama vigae, kwa hiyo hunasa kwenye kitambaa. Kiangazi, hewa ikikauka, kitambaa cha poliesta kikisuguliwa hupata chaji ya umeme na kuuvuta zaidi. Kukung'uta hakusaidii sana. Vaa glavu ya mpira, ilowanishe kidogo, upanguse kuelekea upande mmoja. Manyoya yatajiviringisha yenyewe.

Bora zaidi, mchane paka mwenyewe kabla hajajilamba. Ulimi wake una vimiba vigumu vilivyoelekea nyuma, vinavyosomba manyoya hadi tumboni. Mengi hutoka na kinyesi, mengine hutapikwa yakiwa bonge refu, na kwetu hutapikwa juu ya mkeka.

Ukiona kipara cha duara chenye magamba, hapo usichane. Huenda ni fangasi, wa jamii moja na wanaosababisha mapunye, na huambukiza watoto. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Wifi amenunua glavu. Baibui sasa linaning'inia juu ya mlango, na paka kahamia kwenye mto wake.