Emmy ya uandishi sio ya mtangazaji peke yake jamani
Watu wengi wakimwona John Oliver, mtangazaji wa shoo ya vichekesho ya Marekani Last Week Tonight, na Emmy ya uandishi (tuzo ya televisheni) wanasema jamaa kaandika vichekesho vyote mwenyewe, hapana, ile tuzo ni ya timu nzima. Last Week Tonight ilianza kuishinda 2016 na Oliver yumo kama mwandishi mmojawapo tu, wengine hata sura zao huzijui. Tuzo za Emmy zipo Marekani tangu 1949 na vichekesho vya shoo za usiku vimeandikwa na vikundi kwa miaka mingi. We angalia Mei 2023 waandishi wa TV na filamu Marekani walipogoma, watangazaji walikuwepo, studio zipo, ila shoo za usiku zikazimika fasta, na mgomo ukaenda siku 148. Hao watu wanastahili kutajwa majina kabisa.